Ukuta Usiokaguliwa Si Ukuta

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Siku hizi kila ofisi ya chama yenye kompyuta inajisifu kwamba ina ukuta. Ukiuliza habari ya usalama wa majina ya wanachama, katibu wa tawi atakujibu, "Msiwe na wasiwasi, fundi ametuwekea fayawoli." Ukimwuliza ni milango mingapi imeachwa wazi katika ukuta huo, atanyamaza, au atakuambia umwulize fundi. Na fundi naye mara nyingi yuko mjini na simu yake haipatikani.

Sisi tunasema jibu hilo halitoshi. Ukuta ambao hakuna mtu aliyeuzunguka na kuutazama ni maneno tu. Kila ofisi ya chama yenye mashine yake hapana budi ijue kwa hakika ni milango gani iko wazi, kwa kukagua yenyewe, si kwa kuambiwa. Na jambo hilo hilo lazima tulidai kwa waajiri wanaoshika habari zetu katika mashine zao. Hayo ndiyo maoni yetu, na hapa chini tunaeleza sababu zake na njia ya kuyatimiza.

ORODHA YA WANACHAMA NI SILAHA

Wapo watakaouliza, chama cha wafanyakazi kina siri gani hata kijisumbue na mambo ya mafundi? Tunajibu: kina orodha.

Zamani orodha ya wanachama ilikaa katika daftari, na daftari likakaa katika kabati lenye kufuli. Aliyetaka kuliiba alilazimika kuvunja dirisha usiku. Leo orodha hiyo imo katika kompyuta ambayo mafundi wanaiita seva. Humo mna pia malalamiko ya wanachama, karatasi za kesi, na majina ya wale waliojiunga kimya kimya katika mashamba ambayo mwajiri bado hajakubali kukitambua chama. Kila aliyefanya kazi ya kuandikisha wanachama anajua nini hutokea majina hayo yakifika mezani kwa meneja kabla ya wakati wake. Hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya chama, la! Ghafla itaonekana kwamba fulani huchelewa zamu, na mwingine majani yake yana mabua mengi, na wa tatu kazi yake ya msimu imekwisha ingawa ya wenzake inaendelea.

Hatusemi haya kwa kuogopa vivuli. Mwezi Februari mwaka 2009 huko Uingereza, maafisa wa ofisi ya umma inayosimamia ulinzi wa habari za watu waliingia katika ofisi moja ndogo iliyoitwa Consulting Association. Walikuta kadi zenye majina ya wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya 3,200. Makampuni ya ujenzi zaidi ya 40 yalikuwa yakilipa ada ili yaulizie jina la mtu kabla ya kumwajiri. Wengi walioandikwa katika kadi hizo kosa lao lilikuwa kufanya kazi ya chama au kulalamika juu ya hatari kazini. Watu walitafuta kazi miaka na miaka wakakosa, wasijue ni kwa nini. Mwaka 2016 makampuni makubwa yalikubali kulipa fidia.

Orodha ile haikuibwa ndani ya kompyuta ya chama. Ilikusanywa kwa mikono, jina moja moja, kwa miaka mingi. Lakini tujiulize: ikiwa mabwana wale walikuwa tayari kulipa fedha kwa kazi ngumu namna ile, je, wataikataa orodha nzima ikiwa imeachwa kando ya barabara? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda habari za watu, iliyoanza kutumika Mei 2018, imeuweka uanachama wa chama cha wafanyakazi katika kundi moja na habari za ugonjwa na za dini ya mtu, yaani habari zinazohitaji ulinzi wa pekee. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba jina la mtu kuwa katika orodha yetu linaweza kumkosesha mkate.

MILANGO YA MASHINE NI NINI

Tueleze sasa kwa maneno ya kawaida, maana wakubwa wa kompyuta wanapenda kutuficha mambo nyuma ya majina magumu.

Kila mashine iliyo katika mtandao ina anwani yake, kama nyumba zilivyo na namba mjini. Katika anwani hiyo moja kuna milango mingi ambayo mafundi wanaiita poti. Nayo imepewa namba, kuanzia 1 hadi 65,535. Kila kazi ina mlango wake wa desturi. Kurasa za intaneti hupita mlango 80 na 443. Barua hupokelewa mlango 25. Fundi anayetengeneza mashine akiwa mbali huingia mlango 22. Hazina ya majina na hesabu, ikiwa ni ile iitwayo MySQL, hukaa nyuma ya mlango 3306. Mlango huwa wazi pale tu ambapo kuna programu imekaa nyuma yake ikisikiliza. Pasipokuwa na programu, anayebisha hapati wa kumfungulia.

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Helsinki katika nchi ya Ufini. Hauna bei, kwa hiyo hata tawi lenye fedha kidogo laweza kuutumia. Ndani yake mna fayawoli tayari. Mafundi waliozoea kazi ya zamani huiamuru kwa iptables, iliyotoka pamoja na Linux ya mwaka 2001; wengine hutumia nftables, iliyoingia mwaka 2014.

Fayawoli hufanya kazi ya askari wa geti la kiwanda. Anayo karatasi ya amri. Huisoma kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo anayoifuata. Ikiwa mstari wa tatu unasema "mpitishe", basi mstari wa kumi unaosema "mzuie" hautasomwa kamwe. Ikiwa hakuna mstari unaomhusu mgeni, askari hufuata kawaida aliyopewa: kufukuza wote au kupitisha wote. Tawi linalojua jambo hili moja tu limekwisha kuwa mbele ya mengi.

PALE UKUTA UNAPOPASUKA

Tumezunguka matawi na mafundi wanaotusaidia, na tumeona kwamba mara nyingi ukuta haupasuki kwa hila za wezi. Hupasuka kwa mambo madogo ambayo hakuna aliyeyatazama. Tutaje manne.

La kwanza: askari ana karatasi mbili. Moja ni ya wageni wanaomjia yeye mwenyewe getini, nyingine ni ya wageni wanaopita kwenda ndani kwa watu wengine. Katika Linux ya kwanza huitwa INPUT na ya pili FORWARD. Fundi mwenye haraka huandika amri kali katika ile ya kwanza, akaiacha ya pili tupu na kawaida ya kupitisha wote. Hapo mashine ya getini yenyewe iko salama, lakini mashine zilizo nyuma yake, pamoja na ile yenye orodha, zinafikiwa na kila aliyeelekezwa njia ya kuingia.

La pili: siku hizi kuna anwani za aina mbili, za zamani na za kisasa ziitwazo IPv6. Amri zilizoandikwa kwa iptables zinahusu za zamani tu. Za kisasa zina amri zao, ip6tables. Ofisi yaweza kufunga barabara kuu huku barabara mpya upande wa nyuma haina hata mti wa kuzuia.

La tatu: kuna programu nyingine zinazoandika amri zao wenyewe. Ile iitwayo Docker, ambayo mafundi hutumia kupakia programu kama katika makontena, ikiagizwa kufungua mlango huandika amri yake pasipo kumwuliza mtu. Ukitumia chombo chepesi cha ufw kutazama, waweza kuambiwa mlango umefungwa, kumbe watu wanapita.

La nne linatuhusu sana sisi tunaokaa mahali umeme unapokatika kila mara. Amri zilizoandikwa kwa iptables bila kuhifadhiwa hukaa katika kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukienda, nazo zimekwenda. Umeme ukirudi, mashine inaamka, taa zinawaka, kila mtu anafurahi, na askari hayupo getini.

Katika tawi moja la mashambani, ambalo hatulitaji, ukaguzi ulionyesha kwamba mlango 3306 ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Kampuni iliyouza programu ya kuandikia wanachama ndiyo iliyoufungua, ili fundi wake atengeneze kasoro akiwa mjini. Kasoro zikaisha, fundi akalipwa, mlango ukabaki. Wakati huo wote tawi lilikuwa na barua nzuri ya kampuni yenye mhuri, inayosema mtandao umelindwa. Nyumba njema si mlango, ndugu zetu, na barua yenye mhuri si ukuta.

JINSI YA KUKAGUA

Kazi ya ukaguzi ina sehemu tatu, na zote tatu ni za lazima.

Sehemu ya kwanza ni kukagua kutoka ndani. Mtu mwenye ruhusa huketi mbele ya seva yenyewe na kuandika:

sudo ss -tulpn

Mashine itatoa orodha ya programu zote zinazosikiliza, na namba ya mlango wa kila moja. Tazameni anwani iliyo kabla ya namba ya mlango. Ikiwa ni 127.0.0.1, programu hiyo inaisikiliza mashine yake yenyewe tu, na mtu wa nje hawezi kuifikia. Ikiwa ni 0.0.0.0, au nyota, au mabano yenye nukta mbili mbili, basi inamsikiliza yeyote ajaye, na hapo kinga iliyobaki ni fayawoli peke yake. Programu isiyo na kazi izimwe kabisa. Ni bora mlango usiwepo kuliko kuwekewa askari.

Sehemu ya pili ni kusoma karatasi za askari. Kwa nftables ni:

sudo nft list ruleset

Kwa iptables ni:

sudo iptables -L -n -v

na halafu vivyo hivyo kwa ip6tables. Ile -v huonyesha pia ni pakiti ngapi zimepita katika kila amri. Amri ambayo hesabu yake ni sifuri kwa miezi mingi yafaa iulizwe iko hapo kwa nini.

Sehemu ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kukagua kutoka nje. Hii ndiyo kiini cha maneno yetu. Karatasi ya askari hueleza aliloamriwa, lakini haielezi analolifanya. Anayetaka kujua kama ua una tundu hatoki nje kwa kusoma hati ya fundi seremala. Huzunguka ua mzima akiusukuma kwa mkono. Kwa kazi hiyo kuna programu ya bure iitwayo Nmap, iliyotolewa mwaka 1997 na Gordon Lyon. Fundi atoke kabisa katika mtandao wa ofisi, atumie kwa mfano intaneti ya simu yake, kisha aandike:

nmap -Pn -p- 

na kuongeza anwani ya ofisi kama inavyoonekana kutoka nje. Alama ya -p- isisahauliwe, maana bila hiyo Nmap hubisha milango 1,000 tu iliyo maarufu. Kazi yaweza kuchukua saa nyingi. Iachwe usiku kucha ikiwa lazima. Kwa anwani za kisasa iongezwe -6.

Majibu huwa ya namna tatu. "Open" maana yake mlango uko wazi na kuna mtu ndani. "Closed" maana yake mashine imejibu kwamba hapo hakuna anayesikiliza. "Filtered" maana yake ni kimya: Nmap imebisha wala haikupata jibu la kuamulia, na mara nyingi ni askari aliyemzuia mgeni. Kuna pia milango ya aina ya pili iitwayo UDP, nayo hukaguliwa kwa -sU; huko kimya hakitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa programu nyingi za UDP hazimjibu mtu asiyejua salamu yao. Kwa milango hiyo ile orodha ya ndani ndiyo itakayosaidia.

Halafu orodha ya ndani na orodha ya nje ziwekwe mezani pamoja. Mlango ulio wazi si kosa kwa kuwa uko wazi, maana ofisi isiyo na mlango hata mmoja haifanyi kazi. Kosa ni mlango ambao hakuna anayejua ni wa nini. Kwa hiyo tawi lifungue daftari lenye safu nne: namba ya mlango, programu iliyo nyuma yake, sababu ya kuuacha wazi, na jina la mwenye dhamana. Mlango usioweza kujaza safu zote nne ufungwe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

WANAOSEMA HAYATUHUSU

Kuna ndugu wanaosema, "Sisi ni tawi dogo la shamba la chai, nani huko ng'ambo atatujua?" Ndugu hao wanadhani mwizi wa mtandaoni huchagua nyumba kwa kuangalia mabati. Sivyo. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap iliyoweza, kwa mashine moja yenye mtandao wa kasi, kubisha mlango mmoja katika anwani zote za zamani za dunia kwa muda usiozidi dakika 45. Anwani hizo ni zaidi ya bilioni tatu na nusu! Mashine ya namna hiyo haijui dogo wala kubwa.

Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikibisha mlango 23 katika kamera za ulinzi na vifaa vingine vidogo, na kujaribu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Vifaa vilivyotekwa vikafanywa jeshi, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hata kurasa nyingi maarufu za intaneti zikawa hazifunguki. Wenye kamera hawakujua kwamba mali yao imeajiriwa na majambazi.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Mei 2017, mdudu aitwaye WannaCry alianza kuenea katika kompyuta za Windows kwa kupitia mlango 445, akifunga mafaili na kudai fedha. Alifika katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Viwanda kadhaa vya magari vya Renault vilisimamisha kazi, na mwezi Juni mwaka huo huo Honda ilisimamisha kiwanda chake cha Sayama, Japani, kwa siku moja. Dawa ya mdudu huyo ilikuwa imetolewa tangu mwezi Machi, na mlango 445 hauna sababu ya kuwa wazi kwa dunia. Tunavitaja viwanda kwa makusudi. Wafanyakazi wa huko hawakugusa kompyuta yoyote, lakini mashine walizozitegemea zilizimika mikononi mwao. Asiyejua kompyuta hasalimiki kwa kutojua kwake.

Wengine wanasema, "Mambo haya ni ya wasomi, sisi wa darasa la saba tuachieni jembe." Maneno hayo tumeyasikia zamani. Yalisemwa pia juu ya kusoma mizania ya kampuni, na juu ya kupima vumbi kiwandani. Waajiri wanayapenda sana maneno hayo. Amri tulizoziandika hapo juu hazizidi sita. Anayeweza kusoma mizani ya majani na kumbishia karani juu ya nusu kilo anaweza kusoma orodha ya milango. Hatusemi fundi aondoke. Tunasema fundi awe na mtu wa kumwuliza maswali.

Tena wapo wanaoona kumkagua fundi ni kumvunjia heshima. Mweka hazina wa tawi hukaguliwa kila mwaka, na hakuna anayemwita mwizi kwa sababu hiyo. Fundi mwaminifu atafurahi kuona kazi yake inashuhudiwa. Asiyetaka kukaguliwa ndiye wa kuogopwa.

ONYO LA SHERIA

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, hasa vijana.

Ukaguzi tunaousema ni wa mashine za chama, unaofanywa kwa idhini ya kamati, iliyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Mtu yeyote asithubutu kubisha milango ya mashine za mwajiri, au za mtu mwingine, pasipo ruhusa ya maandishi. Uganda ina sheria dhidi ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu mwaka 2011. Majirani zetu nao wana za kwao: Tanzania tangu mwaka 2015, Kenya tangu mwaka 2018. Mwajiri anayetafuta sababu ya kumfukuza mwakilishi wa wafanyakazi atashukuru sana akiletewa kesi ya namna hiyo mkononi. Tusimpe.

Lakini sheria haikutufunga mikono tu, imetupa pia fimbo. Sheria ya Uganda ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeshika habari hizo azitambue hatari za ndani na za nje, aweke kinga, na tena athibitishe mara kwa mara kwamba kinga hizo zinafanya kazi kweli. Someni maneno hayo mara mbili, ndugu. Sheria haikutosheka na ukuta, imedai ukaguzi. Kenya ilitunga sheria yake ya kulinda habari za watu mwaka huo huo wa 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, kwa hiyo ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka nao wana pa kusimamia.

TUNALODAI

Mwajiri wa leo anashika alama za vidole vyetu katika saa ya getini, kilo zetu za majani katika mizani ya umeme, mishahara, makato, na habari za zahanati. Yote hayo yako nyuma ya milango. Kilo zikibadilishwa au zikipotea, atakayepungukiwa si mwenye shamba.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila tawi lenye seva likague milango yake kwa sehemu zote tatu mara moja kila miezi mitatu, na pia kila baada ya umeme kukatika, kila programu mpya inapowekwa, na kila fundi anapobadilishwa.

Pili, daftari la milango lisomwe katika kamati ya tawi kama lisomwavyo daftari la fedha. Lisibandikwe ukutani wala lisitumwe ovyo kwa simu, maana kwa mwizi daftari hilo ni ramani.

Tatu, kila tawi lichague watu wawili, si mmoja, wa kujifunza kazi hii. Mmoja akihama au akiugua, chama kisibaki gizani.

Nne, mkataba wowote na kampuni ya kompyuta uandikwe kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya matengenezo utafungwa siku kazi inapokwisha, na kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa kabla ya ukaguzi wa kutoka nje.

Tano, katika majadiliano yajayo na waajiri tudai kifungu katika mkataba wa pamoja kinachomlazimu mwajiri kukagua mashine zinazoshika habari za wafanyakazi, na kuieleza kamati ya pande mbili lini amekagua, nani alikagua, na kasoro zilizoonekana zimerekebishwa lini. Hatuombi funguo za nyumba yake. Tunataka kujua kama anafunga mlango, kwa kuwa vilivyomo ndani ni vyetu.

Ndugu wafanyakazi, chama chetu kilijengwa na watu waliotoa majina yao wakati kutoa jina kulikuwa hatari. Katika mashamba mengine hatari hiyo ipo hata leo. Mama anayechuma chai mlimani anapotia alama ya kidole gumba katika fomu yetu, hatuulizi seva iko wapi wala nani anailinda. Anatuamini. Basi tusimjibu kwa maneno ya "fundi amesema". Tumjibu kwa kwenda nje ya ukuta, kuubisha kila mlango, na kurudi na daftari lililojazwa.